Saruji Ndani ya Pingili
Bibi yangu alivunjika pingili ya mgongo kwa kuinua ndoo tu, kwa kuwa mifupa yake ilikuwa imekwisha kudhoofika kwa uzee. Daktari alitueleza njia iliyoanzia Amiens, Ufaransa, mwaka 1984, ambapo sindano nene hupitishwa kwenye ngozi kwa kuongozwa na eksirei, kisha saruji ya akriliki, ambayo huganda upesi, husukumwa ndani ya mfupa; wengine hutanguliza kiputo kidogo kinachojazwa ili kuinua pingili iliyobonyea. Nilivutiwa mno, nakiri, mpaka niliposoma kwamba majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2009 hayakuona nafuu iliyozidi ile ya matibabu ya kuigiza, yaani yale yanayofanana na halisi lakini bila saruji kutiwa. Bibi alichagua dawa za maumivu, nasi hatukumshawishi vinginevyo.