Kondoo Wachache wa Manzese

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumatano baada ya maombi binti mmoja wa mwaka wa tatu alinivuta pembeni. "Dada, nimeamua kuacha tuisheni." Ana watoto kumi na wawili Manzese, kila mmoja anakuja na jero yake, shilingi mia tano. Akitoka darasani chuoni Mlimani anashuka Ubungo, anapanda mwendokasi, anafundisha mpaka giza linaingia. Akifika hosteli ni saa mbili na nusu usiku na madesa ya kusoma yanamsubiri. Nyumbani wanamwambia amalize chuo kwanza, kazi ataikuta. Marafiki wanamwambia ajira zenyewe ziko wapi, ashike hela anayoiona. Alikuwa analia. Yupo mtoto wa darasa la nne aliyekuja kwake hajui kuunganisha silabi, na wiki iliyopita alimsomea bibi yake mstari mzima wa Zaburi.

Sikumjibu usiku ule. Nilienda nyumbani nikafungua 1 Samweli.

Sura ya 16 Daudi anapakwa mafuta mbele ya kaka zake. Haipiti muda anaitwa kwa mfalme Sauli, anampigia kinubi, anafanywa mbeba silaha wake. Ukisoma hapo unadhani habari za kondoo zimekwisha. Lakini 17:15 inasema alikuwa akienda kwa Sauli na kurudi Bethlehemu kuchunga kondoo wa baba yake. Akienda na kurudi! Kichwani ana mafuta ya ufalme, miguuni ana vumbi la zizi. Na kiti chenyewe alikuja kukikalia akiwa na miaka 30 (2 Samweli 5:4).

Nakiri kwamba kwa miaka mingi nilikuwa napita mstari huo mbiombio nimfikie Goliathi. Safari hii ulinishika. Maana Sauli alipomwambia Daudi hawezi kupigana na Goliathi kwa kuwa ni kijana tu, yeye hakutaja kinubi wala jumba la mfalme. Alitaja simba na dubu, na mwanakondoo aliyemtoa kinywani mwao (17:34-36). Alichokuwa nacho mkononi siku ile alikipata machungani, kwenye miaka ambayo watu walimwona bado hajaanza maisha.

Ndiyo maana sikubaliani na "maliza kwanza". Mtoto yule wa darasa la nne hawezi kungoja mahafali ya mtu. Wala sikubaliani na wanaosema chuo ni kupoteza muda, maana naye Daudi aliitwa kwa Sauli na akaenda.

Halafu kuna Eliabu. Kaka mkubwa anamwuliza kwa hasira: wale kondoo wachache umemwachia nani huko nyikani? (17:28). Kondoo wachache. Binti wetu naye ameshaambiwa "hao watoto wako wa jero". Lakini rudini nyuma kidogo, mstari wa 20. Daudi aliamka mapema, akawaacha kondoo kwa mchungaji mwingine, ndipo akashika njia. Jibu la swali la Eliabu lilikuwepo tangu asubuhi.

Hapo ndipo mimi nilipoanguka. Nikiwa mwaka wa pili nilipata kazi kwenye steshenari moja, kuchapa ripoti za wanafunzi na kutoa kopi, na niliipenda kwa moyo wote. Nikaongeza zamu ya Jumamosi, kisha ya usiku. Nikakosa testi mbili, nikaishia kwenye sapu, kurudia mitihani, na mama alikuwa ameuza mashamba ya mpunga kunifikisha pale. Kazi ilikuwa njema. Kosa langu ni kwamba sikumwambia mtu yeyote nimezidiwa. Niliona aibu kumwomba mwenzangu anishikie hata zamu moja, na hapa kanisani kila Jumapili nilijibu "Bwana ni mwema" nikaenda kukaa.

Alhamisi nilimpigia. Nilimwuliza, ukiacha wiki tatu tu, za UE, mitihani ya mwisho wa muhula, nani atabaki na watoto? Akanyamaza, kisha akasema, "Dada, sijawahi kumwomba mtu." Tukakubaliana: siku tatu kwa wiki badala ya tano, wazazi waambiwe mapema, na wakati wa mitihani asikanyage Manzese kabisa.

UE inaanza Jumatatu ijayo. Tumwombee yeye na wenzake wote wanaoingia kwenye chumba cha mtihani. Na kama kuna mmoja wetu anayeishi Manzese, Mburahati au hata Magomeni, ana nafasi ya dakika tisini jioni na anaweza kumvumilia mtoto anayesoma polepole, anifuate leo baada ya ibada. Chaki zipo, ubao upo. Tunatafuta wa kubaki na kondoo.