Usiku wa Mombasa, Mji wa Kale

Samaki wa kupaka mmoja, shilingi 1,800 za Kenya. Kwa hela zetu ni zaidi ya elfu thelathini, na sisi tulikuwa watu kumi na wanne kutoka Moshi, kikundi cha kufa na kuzikana kilichochangishana mwaka mzima ili tukaione Mombasa. Tulisubiri mpaka wali ukaletwa umepoa. Bili ilipokuja, chini kabisa palikuwa na malipo ya huduma ambayo hayakuandikwa popote kwenye orodha ya vyakula. Mweka hazina wetu, mama ambaye vikaoni hainui sauti, alisimama akaisoma bili ile mstari kwa mstari mbele ya wageni wote. Meneja akaja, akasema ndio utaratibu wao. "Utaratibu huandikwa, mwanangu," mama akamjibu. Tukavutana hadi saa nne usiku, tukapunguziwa nusu, tukatoka na njaa yetu.

Vijana wakapanda matatu kwenda kucheza muziki Mtwapa. Sisi wengine tukaingia vichochoro vya Kibokoni, humo humo Mji wa Kale.

Mchana tulipita hapo haraka kwenda Ngomeni, yaani ngome ya Fort Jesus, jua kali, kila mtu na simu yake. Usiku nilitegemea milango iliyofungwa. Nikakuta watoto wanacheza mpira chini ya roshani za mbao, moshi wa mshakiki umejaa njia, na viazi karai vya moto na ukwaju vilivyonishibisha kwa shilingi 200. Kwenye baraza moja muuza kahawa alikuwa ameweka dele lake juu ya makaa, na mzee mmoja akatusogezea nafasi. "Mwatoka wapi nyinyi? Ketini."

Akatusimulia ngome. Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani wakaizingira tangu 1696 hadi walipoitwaa 1698, na Waingereza wakaifanya gereza. Gereza lile lilipofungwa 1958 yeye alikuwa mtoto, na mama yake alikuwa akimkataza kuchezea karibu na ukuta wake. Tulimaliza vikombe, tukaongezewa pamoja na kashata.

Hapo ndipo mweka hazina wetu alipoanza kusimulia ya kwao Pangani, baba yake na mashua yake, baraza waliyolala juu yake wakati wa joto. Nimeketi na mama huyu vikaoni miaka mingi, na sikujua hata kama alizaliwa pwani. Mtaani kwetu ikifika saa mbili mageti yamefungwa na mbwa wamefunguliwa. Jirani yangu namjua kwa mlio wa gari lake. Tunakutana msibani, tunasoma majina ya waliochanga, tunaondoka.

Mwakani wanapendekeza Bagamoyo, hoteli yenye bwawa la kuogelea. Kura yangu ni nyumba ya wageni ya kawaida huko mjini, karibu na watu, na hela itakayobaki tuile mtaani.