Maji ya Betri

Mitihani ya vitendo ya kidato cha nne imekwisha, kwa hiyo sasa naweza kuandika bila kuonekana navujisha kitu.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika sekondari ya kata huku Dodoma. Mtu akiuliza nafundisha somo gani, nikamwambia sifundishi, naandaa maabara, utasikia, “Aah, unaosha vichupa.” Naosha, ndiyo. Bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo na koki chini, usipoisuuza kwa asidi ileile itakayotumika, matone ya maji yaliyobaki ndani yanaizimua, na mwanafunzi anapata jibu ambalo si lake.

Ila kinachoninyima usingizi ni maji. Kisima chetu ni cha chumvi. Kwenye kufua ni taabu, sabuni haitoi povu. Kwenye kemia ni balaa. Weka maji hayo matupu kwenye testi tyubu, dondoshea asidi nitriki kidogo, halafu silva nitreti. Papo hapo yanakuwa meupe kama tui. Hiyo ni dalili ya kloridi, ileile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Sasa mtahiniwa aliyepewa chumvi ya kikemia ya aina nyingine, isiyo na kloridi hata chembe, akiiyeyusha kwa maji hayo, ataona weupe, ataandika kloridi, na atakoseshwa kwa kuandika alichokiona kwa macho yake. Msahihishaji yuko mbali, kisima chetu hakijui.

Mtambo wa kukeneka maji, yaani kuyachemsha na kukusanya mvuke ili chumvi ibaki nyuma, hatuna. Kwa hiyo nanunua maji ya betri kituo cha mafuta, yale yaliyoondolewa chumvi ya kuongezea betri za gari, na nikifika nayo kila chupa naipima kwanza kwa silva nitreti, maana lebo haisemi kweli siku zote. Nilipopeleka maombi ya fedha, mhasibu alivua miwani: “Shule imenunua gari lini?” Nikamweleza. Akasaini, lakini nadhani mpaka leo haamini.

Sodiamu haidroksidi, alkali kali tunayoipimia asidi, nayo ina vituko vyake. Hesabu ya darasani inasema gramu 4 kwa lita moja upate mkolezo wa 0.1 M. Vimwage vile vidonge vyeupe kwenye mizani uviangalie: vinanyonya unyevu wa hewani, namba inapanda wewe umesimama tu, na vidonge vinaanza kung'aa kama vimetoka jasho. Ndiyo maana mizani siiamini peke yake. Natitreti mwenyewe, yaani naidondoshea asidi kidogo kidogo kupima mkolezo wake halisi, kabla ya mtoto yeyote kuingia, na ikibidi narekebisha, hata kama ni saa tano usiku na mlinzi anagonga dirisha kuuliza kama nimelala humo ndani.

Majengo yetu ya maabara ni ya enzi za ile amri ya Rais Kikwete, kila sekondari ya kata iwe na maabara za fizikia, kemia na baiolojia. Wananchi walichangishwa, kuta zikasimama. Mtu wa kukaa ndani ya kuta hizo hakuchangiwa. Shule nyingi mwalimu wa kemia anafundisha, anachanganya dawa na kuosha vyombo mwenyewe, halafu tunashangaa vitendo vinafanywa kidato cha nne tu, mtihani ukikaribia.

Chupa chache za maji ya betri zimebaki. Nimezifungia kabatini kwa kufuli, maana mwalimu wa nidhamu ana pikipiki na ameshaanza kuziulizia.