Madoa ya msumari

Mwalimu wa darasa la nne katuma ujumbe kwenye kundi la wazazi saa mbili usiku, kama kawaida yake: kesho kila mtoto aje na kazi ya sanaa aliyoitengeneza mwenyewe kwa vitu vilivyokwisha kutumika. Haukupita muda mama mmoja akauliza, "Jamani, zinauzwa wapi?" Na akajibiwa! Kuna kijana Kariakoo anazo, magari ya makopo, na bodaboda wa kuzileta yupo.

Mnajua nyumbani kwetu panavyokuwa usiku wa mambo kama hayo. Binti akatandaza gazeti sebuleni: vizibo vya soda, boksi la dawa ya meno, gundi iliyoanza kuganda. Akiwa ameinama palepale akauliza, "Baba, nyie mlikuwa mnatengeneza nini?"

Nikamjibu, ufagio. Na ni kweli. Stadi za kazi kwetu ilikuwa ufagio wa chelewa, mwiko, na ikifika zamu ya mkeka akina mama wote wa mtaani wanaelekea soko la Tandika. Mzee wa mafagio aliyekaa karibu na geti la shule aliijua ratiba kuliko mwalimu wa taaluma. Wiki ya stadi bei inapanda. Mwalimu anakusanya, anaweka alama, mafagio yanaingia stoo, na ndiyo tunayofagilia ofisi za walimu mwaka mzima. Habari ya ubao sikumwambia. Ni ndefu, na gundi ilikuwa inakauka.

Ilikuwa enzi za MMEM, ule mpango wa serikali wa kuendeleza elimu ya msingi. Ada imefutwa, watoto tumejaa hadi wengine wanakaa sakafuni, madarasa mapya yanajengwa harakaharaka kabla mvua hazijaanza. Madarasa hayakuwekewa dari. Ofisi ya mwalimu mkuu iliwekewa. Vipande vya silingibodi vilivyobaki vikarundikwa nyuma ya vyoo, na mwalimu wetu wa stadi, kijana aliyetoka chuo karibuni na bado hajachoka, akaenda kuviomba.

Akaingia navyo darasani Ijumaa, kipindi cha mwisho, wakati ambao kwa kawaida tulikuwa tunapelekwa kufyeka nyasi. Hakuandika chochote ubaoni. Akaanza kutuhadithia habari za Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuja Dar kutafuta maisha, akafanya vibarua, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora wanyama kwenye vipande vya ubao kama hivi hivi, futi mbili kwa mbili, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Picha akiziuza nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wazungu waliokuja kununua mboga. Hakuwahi kusoma chuo cha sanaa. Mwaka 1972 askari waliokuwa wanafukuza majambazi wakalipiga risasi gari alilokuwemo, wakidhani ndilo wanalolitafuta. Hapo darasa zima likanyamaza, halafu mtu wa nyuma akauliza kama gari lilikuwa Peugeot.

Mimi nilichoshika siku ile ni rangi ya baiskeli. Fundi baiskeli tulikuwa naye, upande wa pili wa barabara.

Alitupa masalia: nyeusi, nyekundu, njano, na ya bluu iliyokuwa na ngozi juu kama maziwa yaliyochemshwa. Brashi ilikuwa moja, ya mwalimu. Sisi tukatafuna vijiti vya mswaki mpaka ncha zikawa nyuzinyuzi. Kundi letu tukapaka ubao wote njano, kisha tukakatazwa kuugusa mpaka Ijumaa nyingine, maana rangi ile ukiweka nyingine juu yake kabla haijakauka unapata tope. Na hewa ya Dar mnaijua, ukianika kitu kinakwambia subiri. Kuna kundi halikusubiri. Twiga wao alitoka rangi ya ugoro.

Mnyama wetu tulimgawana. Mmoja kichwa, mmoja miguu, mwingine mkia, kila mtu na mnyama wake kichwani, na hakuna kati yetu aliyewahi kuingia mbuga yoyote. Mimi nilipewa mgongo.

Ilipofika zamu ya madoa, njiti za kiberiti zikawa zinavunjika. Mwenzangu wa dawati moja akatoa mfukoni msumari wa bati, ule wenye kichwa kipana kama kofia. Nikachovya kichwa cha msumari kwenye rangi nyeusi, nikagonga mgongoni. Doa la kwanza likatoka kubwa, bichi, linang'aa. Sikuchovya tena, nikagonga pembeni yake: dogo kidogo. Pembeni yake tena: dogo zaidi. La nne, la tano, mpaka msumari ukakauka na doa la mwisho likawa kivuli tu, huwezi kusema lipo au halipo. Nikachovya, nikaanza mstari wa chini yake. Kubwa, dogo, dogo, hakuna. Sikuwa na mpango wowote, nilikuwa nabana rangi kwa sababu kopo linaelekea ukingoni. Lakini ilipofika mistari kadhaa nikaona mgongo unajikunja. Ubao ule ule, bapa kama meza, lakini yule mnyama kanenepa, upande wake mmoja unakwenda nyuma ya picha. Nikapeleka mkono kumgusa ubavu, na nikakuta ni ubao.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilijua kwa harufu ya chaki. Akasema tu, "Usichovye mara kwa mara. Endelea hivyo hivyo." Akaenda zake kwenye kundi la twiga wa ugoro.

Nyumbani nilirudi na shati jeupe lenye njano na nyeusi. Mafuta ya taa, sabuni, na maneno ya mama ambayo hapa siyaandiki.

Mwisho wa muhula akaja mgeni, mkubwa fulani, na msafara wake. Picha zikapangwa ukutani. Akapita na mikono nyuma, akasimama mbele ya ya kwetu na kusema, "Chui mzuri sana huyu." Hakuna aliyembishia. Mwalimu mkuu palepale akaiteremsha, ikafungwa gazeti, ikawa zawadi ya shule kwa mgeni, tukapiga makofi. Majina yetu yalikuwa nyuma yake kwa penseli. Mwalimu wa stadi naye alipiga makofi, ila polepole, kama anayeua mbu. Ripoti ilipotoka, alama yangu ya stadi ilikuwa ya ufagio.

Siku nyingine nasema tuliibiwa. Siku nyingine naona picha zilizobaki ziliishia kuziba madirisha ya stoo, na ya kwetu angalau ilipanda gari.

Yule mwenzangu wa dawati sasa ana duka la vitasa Kariakoo, na nikipita huwa tunabishana. Yeye anashikilia kwamba mnyama alikuwa fisi, kwa sababu mkia aliuchora yeye na alichora wa fisi. Mimi nasema chui. Siyo kwa sababu mgeni kasema, ingawa sina sababu nyingine. Hilo tungeliacha lipite. Ila juzi, mbele ya wateja wake, anasimulia kwamba madoa yale aliyaweka yeye, kubwa, dogo, dogo, anaonyesha mpaka kwa kidole juu ya kaunta. Nikamwambia, kaka, msumari ulikuwa wako, hilo sibishi.