Goose Bay hadi Narsarsuaq, njia ya marubani wa vita

Tulitoka Goose Bay, Labrador, alfajiri, mbele yetu kilomita 1,250 za maji baridi hadi kusini mwa Greenland. Mwaka 1942 Wamarekani walipitisha ndege zao za kivita hapa: Goose Bay, Narsarsuaq waliyoiita Bluie West One, Reykjavik, kisha Prestwick huko Scotland. Vituo vilihitajika kwa sababu P-38, ndege ndogo ya kivita yenye injini mbili, hata ikifungwa matangi ya ziada, haikuweza kuvuka Atlantiki kwa mruko mmoja.

Huku usiiamini dira peke yake. Sindano inaelekea magharibi ya kaskazini halisi kwa zaidi ya nyuzi 20, na wakati wa vita ilizidi hapo. Ukikosea nyuzi 5 tu, unafika pwani ukiwa kando kwa zaidi ya kilomita 100, mbele ya fiodi isiyo yako, yaani mkono wa bahari uliopenya kati ya milima. Ndani ya mawingu kuna adui mwingine: petroli ikigeuka mvuke kwenye kabureta, kifaa kinachoichanganya na hewa, hupoza hewa hiyo, barafu inaganda na injini inakosa pumzi hata kama nje hakujafika sifuri. Joto la kabureta, yaani hewa iliyopashwa na injini, hufunguliwa mapema, maana injini ikishazima hakuna joto la kuyeyusha.

Tulishuka chini ya mawingu kukitafuta kisiwa cha Simiutaq. Hapo ndipo mlangoni pa fiodi inayofika Narsarsuaq. Fiodi ni nyingi na zinafanana kama mapacha. Nyingine huishia kwenye ukuta wa jabali. Mawingu yakifunika vilele, ndege kubwa haina pa kugeukia. Ndiyo maana kisiwani paliwekwa redio: mwenye shaka aamue pale, mafuta yangalipo. Kutoka hapo hadi uwanjani ni karibu kilomita 80.

Njia ya kurukia inapanda kuelekea kwenye barafu kuu, tabaka nene linalofunika Greenland. Kwa kawaida unatua ukipanda, unaruka ukiteremka, hata kama upepo unakusukuma kidogo kwa nyuma. Zamani ilitandikwa mabamba ya chuma, kila moja mita 3 kwa sentimita 38, kilo 30 hivi, matundu 87 katika mistari mitatu. Matundu hupunguza uzito na kupitisha maji. Ndoano za ukingoni huingia kwenye bamba la jirani, na kazi inakwenda haraka.

Tarehe 15 Julai 1942, P-38 sita na B-17 mbili, ndege kubwa za mabomu, zilizokuwa zikienda Iceland zilizuiwa na hali ya hewa, mafuta yakapungua, zikatua kwenye barafu kuu. Ya kwanza iliteremsha magurudumu, yakanasa kwenye theluji, ikapinduka. Zilizofuata zikatua kwa tumbo. Watu wote 25 waliokolewa. P-38 moja ilipotolewa mwaka 1992, ilikuwa imefukiwa mita 80 hivi chini ya barafu.

Asubuhi tulijaza matangi, tukaifuata njia kuteremka kuelekea majini, na ilipokwisha tulikuwa tayari hewani.