Nilivyomkinga Mama na Baridi ya Ukumbi wa Chakula Melini

Machi iliyopita mama yangu alikuja Maskati kunitembelea kutoka Unguja, nami nikampeleka Dubai, tukapanda meli ya watalii kwa safari ya siku saba katika Ghuba. Mizigo niliifunga kwa kutazama hali ya hewa ya nje peke yake. Mwezi huo mchana wa Dubai hufika nyuzi 28 hivi, kwa hiyo nikatia madera mepesi, mitandio laini na viatu vya wazi. Sikufikiria kwamba ndani ya chombo kimoja tungekula katika hali tatu za hewa zisizofanana, wala kwamba mama, ambaye bega lake la kulia lina baridi yabisi, ndiye angeumia kwa kosa langu.

Usiku wa kwanza tuliingia ukumbini saa 12 jioni, mara tu milango ilipofunguliwa. Tulikuwa tumekaa sitahani tangu alasiri, na dera lake la pamba lilikuwa bado na unyevu wa jasho mgongoni. Supu ilipoletwa hakugusa kijiko. Alilizungushia bakuli viganja vyote viwili, akakaa hivyo mpaka supu ikapoa. “Mwanangu,” akaniambia, “kipupwe cha nyumbani hakifiki hapa.” Nilimfunika mtandio wangu, lakini ulikuwa mwembamba mno kumfaa, tukaondoka kabla ya chakula chenyewe.

Kesho yake nilichukua saa yangu ndogo ya mezani yenye kipimajoto na kuipeleka ukumbini kila mlo. Mezani petu, chini kabisa ya tundu la kiyoyozi, ilisoma nyuzi 20. Karibu na dirisha, ghorofa ya juu ya ukumbi uleule, ilisoma 23. Nilipotafakari niliona sababu zake. Hewa ya Ghuba ina unyevu mwingi, na ili kiyoyozi kiukamue unyevu huo hakina budi kuipoza hewa sana kabla ya kuisambaza. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo hushuka na kutuama kwenye sakafu, miguuni mwa walaji. Zaidi ya hayo, mtu mzima aliyeketi hutoa joto la takriban wati 100, hivyo ukumbi wa mamia ya watu huwa baridi zaidi wanapoingia wale wa kwanza, na hupata uvuguvugu kadiri viti vinavyojaa. Sisi tulikuwa wa kwanza, tena chini, tena chini ya tundu.

Nilizungumza na msimamizi wa wahudumu, nikamweleza habari ya bega bila kuona haya, naye akatuhamishia ghorofa ya juu jioni ileile. Tukaanza pia kufika robo saa baada ya milango kufunguliwa.

Mavazi niliyapanga upya tulipotia nanga Doha. Katika Souq Waqif nilimnunulia mama shali pana ya sufu laini, ya rangi ya kijivu, baada ya kuikunja mbele ya muuzaji na kuhakikisha kwamba inaingia katika mkoba wake wa kawaida. Sweta niliikataa makusudi, kwa sababu mwenye bega bovu hawezi kuivaa na kuivua mezani bila kuinua mikono, ilhali shali hutupwa mabegani na kuteremshwa kwa mkono mmoja. Jambo ambalo naona lilisaidia kuliko hata shali ni kubadili nguo: kila jioni, kabla ya kwenda kula, alivua dera la mchana, akajikausha, akavaa fulana kavu na dera jingine juu yake. Nguo yenye jasho ikikutana na kiyoyozi hugeuka barafu mwilini, hata ukijifunika nini juu yake. Miguuni alivaa soksi na viatu vya kufunika.

Bafe ya juu, iliyo kando ya bwawa la kuogelea, haikutusumbua, kwani milango yake ilifunguliwa kila dakika na joto la nje likaingia. Huko dera lilitosha na shali ilibaki mkobani. Kifungua kinywa tulikipenda nje, sitahani, ambako meli ikiwa mwendoni upepo wa asubuhi hupenya nguo nyepesi, na hapo kanga mbili alizokuja nazo kutoka Unguja, moja mabegani na moja magotini, zilifaa kuliko kitu chochote nilichonunua.

Usiku wa mavazi rasmi mama alikuwa na wasiwasi kwamba shali ingeonekana ya mgonjwa. Nikaibana begani kwa bruchi yake ya fedha, juu ya dera la hariri ya kijani, akajitazama kwenye kioo cha chumbani kwa muda, kisha tukapanda lifti. Supu aliimaliza, akaomba bakuli la pili.