Siku Moja na Moshi wa Dandora

Saa kumi na mbili asubuhi huwa nimekwisha kupanda matatu kuelekea mjini, magazeti yakiwa mapajani, kwa kuwa kazi yangu katika dawati la afya huanza kwa kutazama ni hatari gani imepewa ukurasa wa kwanza. Leo hakuna, ni siasa tupu.

Saa tatu, kwenye kikao, nilipendekeza habari ya moshi wa jaa la taka la Dandora, hapa Nairobi. Mhariri akauliza, "Kuna nini kipya?" Swali hilo ndilo linaloniumiza. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba nusu ya watoto 328 waliopimwa karibu na jaa hilo walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo, na taka bado zinamwagwa palepale. Gesi ilipolipuka Embakasi mwezi Februari 2024, kamera zilifika usiku uleule, na siku chache baadaye maafisa wa mamlaka ya mazingira walikuwa wamesimamishwa kazi kuhusu leseni ya mtambo wa gesi uliolipuka. Hatua hiyo ilistahili kabisa. Lakini risasi hailipuki. Huingia kwa vumbi na kwa vidole vya mtoto, ikamdhoofisha akili polepole, na hakuna usiku mmoja unaoweza kupigwa picha.

Saa sita nilikuwa Dandora. Mama mmoja anayeuza mboga kando ya barabara aliniambia, "Mwanangu, nyinyi huja moto ukiwa mkubwa, mkapiga picha, mkaenda zenu." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ni kweli.

Saa tisa nilimpigia simu afisa mmoja anayehusika na taka. Kabla ya kujibu lolote aliuliza, "Itatoka lini?" Nilipomwambia Alhamisi, aliahidi taarifa kufikia Jumatano jioni. Barua niliyompelekea mwezi mmoja uliopita, isiyotaja tarehe ya kuchapishwa, haijajibiwa hadi leo.

Saa kumi na mbili jioni habari yangu ilipewa ukurasa wa 17. Nilimwomba mhariri nafasi nyingine baada ya wiki nne, ili tuulize kama ahadi atakazotoa afisa yule katika taarifa yake zimetekelezwa, naye akakubali. Nimeiandika tarehe hiyo kwenye shajara, pamoja na namba ya simu ya yule mama.